Moto Uko Wapi? Habari za Chombo cha Kunusa Moshi

Somo hili umelisikia katika redio. Sasa limepigwa chapa ili ulisome polepole kwa macho yako mwenyewe. Neno likikupa taabu, liwekee alama umwulize mwalimu wako.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya masultani wala ya vita. Ni historia ya chombo kidogo cha duara, cheupe, kisichozidi upana wa kiganja, ambacho hufungwa katika dari. Kama umepata kufanya kazi katika hoteli za huko Ras Kigomasha, au umeingia katika ofisi kubwa mjini, pengine umekiona na hukujua ni kitu gani. Chombo hicho kazi yake ni kunusa moshi. Wataalamu hukiita kigunduzi cha moshi. Sisi katika somo hili tutakiita chombo cha kunusa, maana ndivyo kinavyofanya.

Kwanza fikiri jambo moja. Moto ukizuka kijijini, mtu wa kwanza kuuona hufanya nini? Hupiga yowe: "Moto! Moto! Kwa Bi Fulani!" Tazama yowe hilo lina habari mbili. Habari ya kwanza ni kwamba kuna moto. Habari ya pili ni kwamba moto uko mahali fulani. Watu wakisikia hushika ndoo wakaenda moja kwa moja, hawaulizi njia. Lakini ikipigwa mbiu ya pembe tu, kila mtu atatoka nje na kumwuliza mwenzake, "Kuna nini? Wapi?" Na wakati wanaulizana, makuti yanateketea. Wewe unajua makuti makavu yakishika moto yanakupa muda gani. Hayakupi.

Basi historia yote ya chombo hiki ni historia ya habari hizo mbili. Ya kwanza ilipatikana kwa bahati. Ya pili ilikuwa imekwisha kupatikana zamani zaidi, lakini ilichukua zaidi ya miaka mia moja mpaka zikakutana mahali pamoja.

Tuanze na hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo kongwe. Katika mji wa Boston, Marekani, zamani moto ukizuka zilipigwa kengele za makanisa. Wazima moto walisikia kengele, lakini mji ni mkubwa. Wakakimbia huku na huku wakitafuta moshi. Palikuwa na daktari mmoja aitwaye William Channing na fundi wa umeme aitwaye Moses Farmer. Wawili hawa wakatumia waya wa simu ya maandishi, ile ya kupeleka habari kwa kugongagonga. Waliweka masanduku ya chuma katika mitaa, na kila sanduku likapewa nambari yake. Mtu akiona moto, alifungua sanduku lililo karibu naye akazungusha mkono wa chuma, na sanduku likagonga nambari yake lenyewe mpaka ofisi kuu. Mtu wa ofisini hakuuliza "Wapi?" Alihesabu milio tu, akajua ni mtaa gani. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1852.

Ni fikira nzuri sana, na mimi naona haikupewa sifa yake. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja. Sanduku lilingoja mtu. Kama watu wamelala, au nyumba imefungwa, sanduku nalo hunyamaza. Na mtu aliyelala hanusi moshi kama anavyodhani. Wengi wanaokufa katika moto wa nyumba hawauawi na ndimi za moto. Huuawa na moshi, kwa sababu ndani ya moshi mna hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo humzidisha mtu usingizi badala ya kumwamsha. Kwa hiyo ilitakiwa pua isiyolala.

Sasa twende Uswisi, nchi ya milima huko Ulaya. Karibu na mwisho wa miaka ya 1930 palikuwa na mtaalamu aitwaye Walter Jaeger. Yeye hakuwa akitafuta moshi hata kidogo. Siku zile watu wa Ulaya waliogopa vita na hewa za sumu, naye alitaka kutengeneza chombo cha kutambua sumu hewani. Alitengeneza, akakijaribu, kisikubali. Sumu iliingia, na mshale wa mashine haukutikisika. Husimuliwa kwamba alikata tamaa, akawasha sigara, na mara mshale ukashuka. Chombo kilichokataa kunusa sumu kilikuwa kimenusa moshi wa sigara yake.

Baada yake, mtaalamu mwingine wa Uswisi, Ernst Meili, aliendeleza kazi hiyo. Umeme unaopita katika chombo kile ulikuwa mdogo mno, hauwezi kupiga kengele. Meili alipata njia ya kuukuza mpaka ukaweza. Kampuni ya Cerberus, iliyoanzishwa mwaka wa 1941 katika mji mdogo wa Bad Ragaz, ndiyo iliyotengeneza vyombo hivyo na kuviuza. Mwanzoni vilikuwa ghali na vikubwa, vikafungwa katika viwanda, maghala na majumba ya biashara. Mtu wa kawaida hakuweza kukinunua.

Utauliza, chombo hicho kinanusaje? Hapa soma polepole.

Ndani yake mna chumba kidogo chenye vibati viwili, na kati ya vibati hivyo mna hewa tu. Hewa ya kawaida haipitishi umeme. Lakini pembeni pamewekwa kipande kidogo cha madini yatoayo mionzi. Mionzi hiyo huzigonga chembe za hewa na kuzipa umeme, nazo hukimbia kutoka kibati kimoja kwenda cha pili, kama siafu wanaofuata njia yao. Chembe hizo zenye umeme huitwa ioni. Sasa moshi ukiingia, ioni hunasa katika masizi, zikawa nzito, zikachelewa. Umeme unaopita hupungua. Chombo kikiona umeme umepungua, hujua moshi umefika, nacho hupeleka habari.

Zamani madini yaliyotumika ni radiamu. Baadaye yakaja mengine yaitwayo amerisiamu, na habari yake inatuhusu sisi watu wa redio. Amerisiamu haipatikani ardhini ukichimba. Ilitengenezwa na wataalamu wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, mkubwa wao akiwa Glenn Seaborg, nayo ilifanywa siri. Tarehe 11 Novemba 1945 Seaborg alialikwa katika kipindi cha redio cha watoto. Mtoto mmoja akamwuliza kama wamepata elementi mpya zozote. Seaborg akajibu ndiyo, wamepata, akazitaja, siku chache kabla ya kutangazwa rasmi mbele ya wataalamu wenzake. Basi watoto wa redio walijua kabla ya maprofesa. Ukiwa na swali katika kipindi chetu, ulilete.

Katika chombo kimoja cha kunusa mna amerisiamu kidogo mno. Chukua gramu moja, uigawe sehemu milioni kumi, kisha utwae sehemu tatu tu. Ndiyo hiyo. Nayo haiishi upesi: baada ya miaka 432 itakuwa imepungua nusu. Mionzi yake mingi haipenyi hata karatasi, kwa hiyo ukilala chini ya chombo hicho hakikudhuru. Hatari yake iko katika kukivunja, kukitia katika moto wa jaa, au kumwachia mtoto akichezee, maana madini yale yakimezwa au yakivutwa kwa pumzi ni jambo jingine. Hapa Tanzania vitu vyenye mionzi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003. Chombo kikiharibika hakitupwi baharini wala hakifukiwi shambani. Mwenye jengo ana wajibu wa kukipeleka panapostahili. Kwa sababu ya taabu hiyo, wajenzi wengi wa siku hizi huchagua vyombo vya namna nyingine, vinavyouona moshi kwa mwanga mdogo badala ya ioni. Vya mwanga hutambua mapema moto unaofukuta, kama godoro lililodondokewa na sigara. Vya ioni hutambua mapema moto wenye ndimi. Lakini vya ioni vingali vimo katika majengo mengi, na havina budi kujulikana.

Katika mwaka wa 1965, huko Marekani, Duane Pearsall na wenzake walitengeneza chombo kidogo kinachotumia betri, kinachojitegemea, cha kufungwa nyumbani. Hicho kimeokoa watu wengi, lakini hakitupeleki mbele katika habari yetu, maana nyumba ndogo haina haja ya kuuliza "wapi".

Jumba la biashara ndilo lenye haja hiyo. Mafundi walifunga vyombo ishirini katika waya mmoja, ukaenda mpaka kwenye sanduku kuu la kengele karibu na mlango wa mbele. Chombo kimoja kikinusa, taa moja ya sanduku huwaka: "Sehemu ya tatu." Lakini sehemu ya tatu ina vyumba ishirini! Mlinzi hukimbia na kufungua mlango mmoja baada ya mwingine, na pengine mlango wenye moto ndio wa mwisho. Hiyo ni ile mbiu ya pembe tuliyoisema mwanzo.

Kuanzia miaka ya 1980, mashine za kuhesabu zilipokuwa ndogo na rahisi, mafundi waliirudia fikira ya Boston. Kila chombo kikapewa nambari yake, ambayo ndiyo anwani yake.

Fikiri mwalimu wako anavyoita majina. "Fatma?" "Nipo." "Hamadi?" "Nipo." "Khamisi?" Kimya. Mwalimu anajua Khamisi hakuja. Sanduku kuu hufanya vivyo hivyo, usiku na mchana, bila kuchoka. Huita nambari 1, nambari 2, nambari 3, mpaka zaidi ya mia, kisha huanza tena, na mzunguko wote ni sekunde chache tu. Kila chombo hujibu kwamba kipo, tena hueleza kimenusa moshi kiasi gani. Kisichojibu huandikwa kuwa kina kasoro. Na waya hautoki sandukuni ukaishia mbali. Huzunguka jengo lote ukarudi sandukuni, kama kamba ya kuzungushia boma. Panya akiukata mahali pamoja, sanduku huita kwa upande huu na kwa upande wa pili, wala hakuna chombo kinachopotea.

Yako mambo madogo ambayo fundi asipoyaangalia huharibu kazi yote. Katika vyombo vya namna fulani nambari imo katika kitako kinachobaki darini. Katika vingine imo katika kichwa chenyewe. Mtu akiteremsha vichwa viwili vya namna hii ili avipanguse vumbi, kisha akavirudisha kwa kubadilishana, hapana taa ya kasoro itakayowaka. Sanduku litasema "ghala" na moto uko mapokezi.

Sasa tutazame kwetu Afrika ya Mashariki. Tarehe 10 Julai 2021, usiku wa Jumamosi, Soko Kuu la Kariakoo huko Dar es Salaam liliungua. Jengo lile lilichorwa na Beda Amuli, naye ni katika Waafrika wa kwanza wa nchi hizi kuwa mhandisi wa majumba, na lilifunguliwa katika miaka ya 1970. Wafanyabiashara walipoteza mali nyingi usiku ule. Sisemi kwamba chombo cha kunusa peke yake kingaliliokoa soko. Nasema tu kwamba soko la usiku ndilo jengo lisilo na pua: bidhaa zimejaa, watu wamekwenda zao, na moto una nafasi ya kukua kabla jirani hajaona mwanga.

Miaka kumi na moja kabla ya hapo, tarehe 16 Machi 2010, yaliungua makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala. Nyumba ile kubwa iliyojengwa mwaka wa 1882 iliezekwa kwa nyasi, na ndani yake wamezikwa Makabaka wanne. Ilikuwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Nyasi zikashika usiku, na nyumba ikateketea. Kuijenga upya kulichukua miaka mingi, na Japani ilisaidia, kwa kuwa nako kuna nyumba za kale za kuezekwa kwa nyasi na watu wake wamejifunza namna ya kuzilinda. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mtu wa Makangale aliyekaa chini ya makuti anaielewa habari ya Kasubi kuliko mtu wa ghorofani.

Lakini uko mpaka wa kazi ya chombo hiki, nami sitaki ukisifu kupita kiasi. Mwezi wa Machi mwaka 2001, katika skuli ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, Kenya, bweni la wavulana lilitiwa moto kwa petroli usiku. Walikufa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na nondo. Kengele gani ingaliwafungulia? Chombo kinanusa, sanduku linasema wapi, lakini mlango hufunguliwa na mtu. Ukiwa wewe ndiwe mwenye ufunguo wa dahalia, au mzazi mwenye mtoto dahalia, uliza kwanza habari ya mlango, kisha habari ya kengele.

Turudi kwetu. Katika kisiwa chetu zipo taabu mbili za chombo hiki ambazo hazikuandikwa katika vitabu vya Uswisi.

Taabu ya kwanza ni udi. Sisi tunafukiza udi na ubani. Twafukiza nguo, vyumba, hata wageni. Pua ya mashine haijui tofauti ya udi na godoro linaloungua. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kuwasha, mkate ulioungua, wadudu wanaoingia ndani, na mvuke wa maji ya moto. Kengele hulia, wageni hutoka mbio, hapana moto. Ikilia hivyo mara tatu, mtu huchukua mfuko wa plastiki akakifunika chombo ili apate raha. Hapo chombo kinaitika "nipo" kila kinapoitwa, lakini hakinusi kitu. Dawa yake si mfuko. Jikoni hufungwa chombo kinachotambua joto badala ya moshi, na chumba kinachofukizwa udi hutajwa kwa fundi mapema.

Taabu ya pili ni umeme. Kabla ya mwaka 2010 Pemba ilipata umeme kwa mitambo ya dizeli ya Wesha. Mwaka ule ulikuja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, nasi tukashukuru. Hata hivyo umeme hukatika. Kwa hiyo ndani ya sanduku kuu huwekwa betri, ambazo kwa desturi zinatakiwa zilishe vyombo vyote kwa saa 24 umeme usipokuwapo. Betri huzeeka. Ukiona taa ya manjano inawaka katika sanduku kwa wiki nzima na watu wanaipita, ujue sanduku linalalamika na hapana asikiaye.

Na sasa nasema kile kilichonifanya nilichague somo hili kwa ajili ya darasa lako. Sanduku la zamani liliwasha taa tu. Sanduku la leo linaandika. Moshi ukinuswa, katika kioo chake hutokea nambari ya chombo na jina la mahali. Mlinzi wa usiku, mfanyakazi wa usafi, mpishi, hao ndio waliopo saa nane za usiku. Meneja amelala. Fundi yuko mjini. Anayesimama mbele ya kioo kile ni mtu wa Makangale, naye anapaswa kusoma.

Jina la mahali halikuja na mashine kutoka kiwandani. Fundi ndiye aliyeliandika alipokuwa akifunga vyombo, herufi moja moja, kwa lugha aliyoamua yeye. Mara nyingi huandika Kiingereza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia vingine. Angaliweza kuandika Kiswahili, kwa herufi zile zile na kwa gharama ile ile. Jambo hili waajiriwa wanaweza kuliomba, na mwenye hoteli mwenye akili hatakataa. Kando ya sanduku nako hutundikwa karatasi yenye nambari zote na mahali pake, pamoja na ramani ya jengo.

Mwalimu, andika maneno yafuatayo ubaoni. Wewe msomaji, yasome kwa sauti, kisha mwombe mwenzako ataje nambari moja, nawe useme ungekimbilia wapi:

Nambari 7, chumba cha wageni, juu, mwisho wa ukumbi.
Nambari 12, ghala la mashuka.
Nambari 13, ghala la mafuta ya taa.
Nambari 27, mlango wa nyuma, karibu na jiko.